Nusu ya Mbele na Nusu ya Nyuma

Manzese,
12 Februari 2024

Bwana Theonest,

Salaam aleikum. Hunijui. Mie ni Bi Bahiya, mwenye duka la rejareja hapa Manzese, ng'ambo ya kituo cha mwendokasi. Jirani yangu Mwinjuma, yule muuza baiskeli kuukuu, amebandika tangazo lako kwenye banda lake. Umeandika unatafuta mtu mwenye baiskeli ya kukunja ya zamani, rangi ya buluu, yenye bawaba katikati, ile inayoachana vipande viwili ukiichomoa pini. Umeandika pia kwamba uko Mbagala.

Ninayo. Iko chumba cha uani, imefunikwa shuka. Magurudumu yake madogo, na karia yake ya nyuma imepinda kidogo. Hapandi mtu. Mwinjuma ameniomba nimuuzie mpaka nikamwambia akirudia tena nitampimia sukari kwa kipimo cha wachoyo.

Umeweka namba ya simu. Mie simu siipendi, inanichosha. Kama una haja kweli, andika. Mwinjuma hufika huko kwenu kila wiki kununua vyuma vyake, atabeba barua. Na uniambie, unaishi Mbagala ipi, maana Mbagala ni kubwa. Na hiyo ya kwako uliipata wapi, na kwa nani?

Wako,
Bi Bahiya


Mbagala Kizuiani,
17 Februari 2024

Kwa Bi Bahiya,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, basi salaam nyingi.

Barua yako ya tarehe 12 nimeipokea. Mimi nilikuwa karani wa masjala serikalini mpaka nilipostaafu. Barua za watu wengine nimezishika maisha yangu yote, lakini ni muda mrefu sijaandikiwa yangu, yenye tarehe juu na jina chini. Nimeisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Naishi chumba kimoja, nyumba ya kupanga. Mke wangu Felicitas alifariki, na watoto wako Bukoba na Mwanza, hunipigia Jumapili. Baiskeli niliinunua kwa mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na soko la Rangi Tatu, mwaka uliofuata baada ya msiba. Nilitaka ya kukunja kwa sababu ukumbi wa nyumba hii ni mwembamba na uani vitu vinaota miguu. Usiku inalala chini ya kitanda changu. Asubuhi hunipeleka kanisani, kisha sokoni, kisha hunirudisha, na hapo siku yangu imekwisha.

Sasa ina ugonjwa. Katikati, kwenye bawaba, inagonga. Kila nikikanyaga pedeli, ko! Nimezunguka kwa mafundi wa Mbagala yote. Wameikaza, wameitia washa za bati, na mmoja alitaka kuichomelea isikunjike tena. Nilimwambia huyo anirudishie mzigo wangu. Mzee mmoja wa Temeke ndiye aliyeniambia ukweli: hizi baiskeli za zamani, tundu la pini lilitobolewa nusu mbili zikiwa zimeshikana, kwa hiyo kila nusu inakubali mwenzake tu. Nusu zangu si za mama mmoja.

Naomba unisaidie kuitambua ya kwako. Ipindue, ikae kwa kiti na usukani, magurudumu yatazame juu. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, upanguse chini pale ekseli ya pedeli inapopita. Utaona herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo namba ya nusu ya nyuma. Namba ya nusu ya mbele iko kwenye shingo, chini ya usukani. Hiyo mara nyingi imefunikwa na rangi, ipapase kwa kidole. Zikilingana, ni pacha. Yangu mbele ni K 4517, nyuma ni K 4471.

Nasubiri kwa heshima,
Theonest


Manzese,
24 Februari 2024

Bwana Theonest,

Marahaba, ingawa sijakwambia umri wangu na wala sitakwambia.

Umeniinamisha mtu mzima na kitambaa cha mafuta ya taa, leso yangu inanuka mpaka sasa. Ya mbele imeandikwa K 4471. Ya nyuma K 4517. Nimeziangalia mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani. Mbele yangu ni mume wa nyuma yako, na mbele yako ni mume wa nyuma yangu. Hizi ndoa kazifungisha nani, Mungu ndiye ajuaye.

Najua utakaloomba. Utasema tubadilishane nusu, kila mtu apate baiskeli yake kamili. Usiniombe, Bwana Theonest. Si choyo. Baiskeli hii ni ya mwanangu Zahor, mtoto wangu wa pekee, yuko Muscat kwa kazi. Akirudi ataikuta kama alivyoiacha. Siwezi kumkatia kitu chake nusu akiwa hayupo.

Lakini nisaidie jambo moja. Pini ya katikati imeganda, na mnyororo umeshika kutu upande unaotazama dirisha. Mwinjuma simpi kuigusa, akiishika leo kesho iko bandani kwake ina bei. Nifundishe mwenyewe niitunze vipi.

Na huyo mama wa vitumbua, ni mtu wa makamo au kijana? Wa wapi?

Bi Bahiya


Mbagala Kizuiani,
3 Machi 2024

Kwa Bi Bahiya,

Nimekuelewa, na kitu cha mtoto ni kitu cha mtoto. Yangu itaendelea kugonga; wapangaji wenzangu wanasema wakinisikia wanajua saa kumi na mbili imefika.

Kuhusu pini. Usiigonge kwa nyundo, itavimba kichwa na haitatoka milele. Tia mafuta ya cherehani juu na chini, iache ilale, kesho yake tia tena. Kisha ishike kwa koleo na uizungushe kidogo kulia, kidogo kushoto, kama unayemwamsha mtoto. Ikitoka, ipanguse mpaka ing'ae, safisha na tundu lake kwa kitambaa kilichoviringwa, paka grisi, irudishe. Grisi kidogo, ikizidi hukusanya mchanga, na mchanga ndio unaokula chuma.

Mnyororo usiuoshe kwa maji. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ukauke, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo, na ufute yanayobaki. Matairi yapige upepo hata kama haipandwi. Tairi likikaa bapa muda mrefu hupasuka ubavuni, na saizi hii ya inchi ishirini yenye rimu ya zamani siku hizi huipati kirahisi. Waya wa breki utie mafuta kwenye ncha. Halafu kila mwezi ikunje na uikunjue, hata kama huna safari. Bawaba isiyotumika husahau kazi yake.

Felicitas alikuwa akinicheka. Alisema naweza kuieleza baiskeli jioni nzima lakini nikiulizwa habari za moyo wangu nasema "nzuri tu". Alisema kweli. Tangu aondoke hakuna anayeniuliza, na mimi bado najibu.

Mama wa vitumbua ni kijana, wa huko bara, nadhani Mnyakyusa au Mkinga, sikumuuliza. Nitapita kwake nimuulize nusu hizi zilichanganyikia wapi. Huenda anajua.

Theonest


Manzese,
10 Machi 2024

Bwana Theonest,

Kesho ama keshokutwa tunaanza mfungo. Nimeharakisha kazi zako kabla sijaishiwa nguvu.

Pini imetoka! Nimeizungusha kama ulivyosema, kulia, kushoto, siku ya tatu ikakubali. Nikatandika jamvi uani, nikazilaza nusu mbili juu yake. Nikakaa nazo. Nilikusudia kupangusa tu na kurudisha, lakini nilikaa mpaka adhuhuri, duka limefungwa, wateja wanagonga bure.

Usiseme utapita kwa huyo mama. Pita. Nenda kesho. Muulize jina lake. Tazama kama ana watoto, na kama anao, niambie wamefanana na nani: rangi yao, nywele zao, pua zao. Mume wake yuko? Anafanya kazi gani? Anaonekana ana afya?

Utaniona mpekuzi. Basi nione hivyo hivyo, lakini nenda.

Bi Bahiya


Mbagala Kizuiani,
19 Machi 2024

Bi Bahiya,

Nimekwenda. Nilitaka kukuficha, nikaandika barua nyingine nzima ya habari za breki, kisha nikaichana. Mimi si mtu wa kuficha.

Mama wa vitumbua anaitwa Gladness, kwao Tukuyu. Nilimuuliza baiskeli ile aliipata wapi. Akasema alipewa na mumewe kabla hawajaoana. Mumewe alinunua mbili zinazofanana, yake na ya mchumba. Siku alipofukuzwa kwao alibeba moja tu, kwa haraka, na tangu siku hiyo ikawa inagonga. Nikamuuliza mumewe ni nani. Akasema Zahor, fundi wa mafriji, kwao Manzese, mama yake ana duka ng'ambo ya kituo cha mwendokasi.

Hayuko Muscat, Bi Bahiya. Yuko Rangi Tatu. Wana binti mmoja anaitwa Rumaisa, mweupe, nywele za singa, pua nyembamba ya juu. Uliniuliza pua, nakujibu pua.

Nikamwambia nawasiliana nawe. Alibadilika uso. Alisema: "Baba, achana na yule mama. Mume wangu alichelewa kusikia msiba wa baba yake, alipata habari mwezi mzima umepita. Akampigia mama yake ampe pole. Anapokea, anasema 'hallo, hallo', akimsikia tu ni mwanawe, anakata. Kapiga sijui mara ngapi. Mwaka juzi Idi kapiga, kakatiwa. Nilimwambia atume hata meseji. Akaniambia kumpa mama pole ya baba kwa meseji ni matusi, pole ya mzazi hutoka mdomoni. Basi akaacha, na humu ndani hatumtaji."

Nilinunua vitumbua na sikuvila.

Sasa nakwambia lililo moyoni, ingawa marehemu mke wangu angeshangaa. Nimekasirika. Mimi ningepewa kusikia sauti ya Felicitas kwenye simu, hata ikinigombeza, ningeishikilia simu mpaka chaji iishe. Wewe unapewa sauti ya mwanao unaikata, kisha unaipaka mafuta baiskeli yake na kuniuliza pua za mjukuu. Hilo silielewi. Mwambie Mwinjuma alibandue tangazo langu.

Theonest


Manzese,
22 Machi 2024

Bwana Theonest,

Barua yako nimeisoma na saumu yangu kinywani, na nililia mpaka nikaogopa imebatilika.

Mie sisikii.

Nimeandika hilo neno peke yake hapo juu ili ulione, maana tangu nizaliwe sijaliandika wala sijalitamka kwa mtu. Masikio yangu yalianza kwa mlio, kama birika linalochemka chumba cha pili. Zahor alikuwa ameshaondoka. Likaziba la kulia, kisha la kushoto likafuata. Sasa hivi hata adhana siisikii, naijua kwa kuwaona watu wanafunga maduka.

Hakuna ajuaye. Dukani nakaa mkabala na mlango, mwanga unawapiga wateja usoni, nami nawasoma midomo. Asiyesomeka namwambia anioneshe kwa kidole, miwani yangu imevunjika. Watu wanasema Bi Bahiya ana maringo siku hizi, ukimsalimia kwa nyuma haitikii. Waache waseme. Nimeficha kwa sababu ya shemeji zangu. Tangu mume wangu afariki wanataka duka lifungwe nikakae kwao Tanga, kwenye chumba cha pembeni, nisubiri siku zangu. Wakijua sisikii, watakuwa wamepata sababu, na nani atawabishia? Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie nimeumbuka ningali hai.

Simu ninayo. Inatetemeka mfukoni, inatokea namba nisiyoijua. Watu wamejaa dukani. Naipokea, nasema "hallo, hallo", ili wanione nazungumza na simu kama mtu yeyote, kisha naikata na kusema mtandao mbaya. Hivyo ndivyo nilivyofanya kila mara. Mmoja wa hao alikuwa mwanangu ananipa pole ya baba yake.

Umenikasirikia kwa haki. Mie nami nilimkasirikia yeye. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu aliniambia kwa mdomo wake, nikamsoma vizuri: "Ameambiwa, hakutaka kuja." Nikakaa eda uani, kila mlango ukifunguka nainua kichwa, nikidhani ni yeye. Eda ikaisha. Nikasema basi, kanitupa.

Siku aliyofukuzwa nilikuwepo. Alikuwa amezilaza baiskeli zote mbili uani juu ya jamvi, nusu nne, anazipaka grisi. Baba yake akamwambia achague, nyumba hii au yule binti wa Kikristo. Zahor alikusanya nusu mbili zilizo karibu na mkono, akazifunga pini, akatoka. Nami nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikanyamaza. Baada ya hapo mume wangu akawaambia majirani kijana kaenda Muscat, na uongo ukanoga, mpaka watu wakawa wananiomba niwaagizie ubani.

Kuna mtu aliwahi kusema kamwona Mbagala. Hakusema wapi. Tangazo lako lilikuwa na maneno mawili, buluu na Mbagala. Sikukuandikia kwa ajili ya baiskeli, nisamehe.

Mwana akinyea mkono haukatwi, na huyu wala hakuunyea. Nenda umwambie. Usimwambie aje, usimwambie namlilia. Mwambie tu mama yake hasikii. Akishajua hilo, akitaka kukaa huko akae, lakini asikae kwa kudhani nilimsikia.

Bahiya


Mbagala Kizuiani,
31 Machi 2024, Pasaka

Kwa Bi Bahiya,

Nisamehe kwa barua yangu ya nyuma. Niliandika kwa hasira na nikajiona mwadilifu.

Nilikwenda siku ile ile Mwinjuma aliponiletea ya kwako. Nilimkuta Zahor kwenye kibanda chake, amelifungua friji mgongo. Nikamwambia maneno yale uliyonituma, sikuongeza langu. "Mama yako hasikii. Hakusikia hata simu moja." Aliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza, akaikaza mpaka ikakatika. Gladness alilia. Yeye hakulia, aliniuliza tu, "Tangu lini?" Nikamwambia ni baada ya yeye kuondoka. Akahesabu kimya kimya, nikaona midomo inacheza, kisha akaniambia, "Asante, mzee," na akarudi kwenye friji.

Hakusema atakuja. Mtu aliyefukuzwa huona aibu kurudi hata akiwa hana kosa, huwa anatafuta kisingizio. Kesho yake nikampelekea baiskeli yangu. Nikamwambia mama yako ana nusu nyingine, mimi siwezi kufika Manzese, kiuno hakiniruhusu, niitengenezee. Kiuno changu ni kizima, Mungu anisamehe kwa Kwaresima. Aliipokea, akaiegemeza ukutani. Nilipopita siku iliyofuata ilikuwa pale pale. Leo nimepita, kibanda kimefungwa kwa sikukuu na sikuona kitu.

Basi sijui. Naenda kanisani kwa miguu, natoka mapema zaidi. Leo nimekula Pasaka peke yangu, wali na kuku, nikabakiza vingi. Chini ya kitanda pamekuwa na nafasi, na siipendi. Watoto wamepiga, nikawaambia nzuri tu.

Na nikiri lingine. Baiskeli ikipona, wewe na mimi hatutakuwa na la kuandikiana. Nimelifikiria hilo zaidi ya nilivyofikiria mlio wa bawaba. Nitasikitika sana.

Theonest


Manzese,
13 Aprili 2024

Ndugu yangu Theonest,

Mwinjuma anakuletea baiskeli pamoja na barua hii. Nusu zimebadilishwa, mbele yako sasa ni K 4471 na nyuma K 4471. Nilitaka kujua kama inagonga, nikaweka kiganja kwenye fremu huku inapandwa uani. Haitikisiki kabisa. Mwinjuma ameagizwa asiipande njiani, na akiipanda nitajua.

Na usiniletee habari za kutokuwa na la kuandikiana. Kwani mie nina nani mwingine ninayemwelewa mpaka mwisho wa sentensi? Barua ya mtu haina mtu wa kuizibia mwanga. Andika kila wiki, andika hata habari za kuku na wali, na uandike ukiwa na huzuni useme una huzuni.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana kuna jambo sijamweleza mtu.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, mvua imetoka kukatika, barabara yote matope. Niko dukani napima mchele. Mlangoni pakaingia giza, mtu kasimama na baiskeli ya buluu. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso sikuuona, lakini mama hamjui mwanawe kwa uso. Mabega yale niliyapaka mafuta mie.

Akaingia. Akaanza kusema. Bwana Theonest, mwanangu amefuga ndevu. Ndevu nzito za mtu mzima, na masharubu yameshuka yamefunika mdomo wote. Nilitazama, nikatazama. Naona ndevu zinacheza tu. Miaka yote nimemsubiri aje anieleze, na amekuja ananieleza, na sioni hata neno moja. Nikaona aibu kumwambia. Nikawa natikisa kichwa kama ninavyowatikisia wateja.

Akajua. Akaongeza sauti, niliona mishipa ya shingo imesimama na watu njiani wamegeuka. Haikusaidia kitu. Akajishika ndevu kwa vidole, akanitazama. Akaiegemeza baiskeli kwenye gunia la sukari, akageuka, akatoka.

Nilijua nimempoteza mara ya pili. Nilisimama vile vile na kopo la mchele mkononi, na safari hii sina hata mume wa kumlaumu. Mwinjuma alikuja kuniuliza kitu, sikumtazama mdomo. Nilitazama mlango tu, na mlango ulikuwa mtupu.

Akarudi. Alikuwa ameingia kwa kinyozi wa jirani. Ndevu zote hazipo, masharubu hayapo, kidevu kimetokeza cheupe kama cha mtoto aliyetoka kuoga, na hapa juu ya mdomo wembe umemkata, damu inachuruzika kidogo. Alizipenda ndevu zile, niliona, maana alikuwa anajipapasa mahali zilipokuwa. Akachukua stuli yangu, akaiweka penye mwanga wa mlango, akakaa ameuelekeza uso kwangu. Akasema polepole, kila neno peke yake, nami nikalisoma lote:

"Mama, pole na msiba wa baba."

Nikamjibu, sijui kwa sauti kubwa au ndogo: "Nimeshapoa, mwanangu."

Bahiya